Kiatu cha Njoki

Wairimu mjukuu wangu,

Huku Kangemi tuko salama, mguu wa babako umepona na mvua imeanza. Umeniuliza ununue mkoba wa ngozi au wa plastiki.

Nilipokuwa msichana hapa hapa, baba yangu aliloweka ngozi katika maji ya magome ya mti wa muwati ili isioze, akanishonea viatu. Vilinuka. Njoki, msichana wa jirani, akanunuliwa vya plastiki, vyekundu, vinang'aa kama peremende. Nilimwonea wivu. Kanisani nilificha miguu chini ya benchi.

Vyake vilipasuka kabla ya Krismasi, vikatupwa nyuma ya ua wetu. Vyangu nilivivaa miaka, nikawaachia wadogo zangu, mpaka vikaoza vikawa udongo. Siwezi kuisifu ngozi tu, maana yale maji meusi ya baba ya kulowekea tuliyamwaga mtoni, na watu wa chini ya mto wakayanywa.

Jana nilipokuwa nikipanda sukuma wiki nyuma ya ua, jembe likatoa kiatu cha Njoki. Njoki tulimzika zamani, lakini kiatu chake ni chekundu vilevile, hakijaoza hata kidogo. Nikakiosha, nikakijaribu.

Hakiniingii, Wairimu. Na wivu bado ninao.

Cucu wako