Mwalimu Asiye na Nafasi

Felemea, ʻUiha
7 Machi 1994

Mwanangu Vaimoana,

Hujambo? Mji mkuu haujakumaliza? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Baba yako anakusalimu na anakutumia viazi vikuu. Anayekuletea ni Kalolaine, binti wa Feleti fundi mashua, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Unamkumbuka? Alimuuguza mama yake mpaka akamzika. Sasa ana miaka ishirini na sita na amekubaliwa hapo chuoni unakofundisha kusomea uuguzi. Tangu Luseane, muuguzi wetu, aolewe Auckland, zahanati yetu imekaa na popo tu. Sisi wanawake tumesuka mikeka mwaka mzima ili huyu asome. Sikuambii umpendelee. Nakuambia usimwache akapotea, maana ni mwoga wa kuuliza.

Halafu nasikia unafanya kazi Jumapili. Mchungaji akiniuliza nimjibu nini?

Shangazi yako,
Sisilia


Nukuʻalofa
2 Mei 1994

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limekusikia ukilisema vibaya na limepata adabu. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Viazi nimekula vyote, hata jirani hakuonja.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nafundisha wanafunzi sitini hesabu za dawa na viungo vya mwili. Kila mhadhara nauandika upya, na michoro naichora kwa mkono, rangi nne, ili iangazwe ukutani kwa mashine. Wenzangu wanasema mihadhara yangu ndiyo mizuri kuliko yote hapa. Lakini wiki nzima inaishia mezani.

Kalolaine nimemwona, anakaa nyuma kabisa. Alikuja ofisini mara mbili nikiwa katikati ya kuandaa, nikamwambia aje baadaye. Hakurudi, kwa hiyo nadhani alishaelewa.

Kuhusu Jumapili, mwambie mchungaji ninachora tu. Kuchora si kazi.

Mwanao,
Vai


Felemea, ʻUiha
20 Juni 1994

Vaimoana,

Salamu zako zimefika. Goti lipo.

Jumatano Kalolaine alishuka kwenye mashua na matandiko yake yote. Nikamuuliza, “Wamekufukuza?”

“Hapana, Mama.”

“Una mimba?”

“Mama! Hapana!”

“Basi nini?”

Akalia kwanza. Halafu akasema, “Mwalimu Vai anafundisha vizuri sana. Michoro yake mizuri mno. Lakini nukta ya desimali ilinipotea mapema, sikuipata tena. Nikimwendea namkuta ameinamia karatasi zake, ananijibu bila kuinua uso. Mama, nukta ikikaa pabaya, mtoto anapewa dawa mara kumi ya kipimo chake. Nitaua mtoto wa mtu. Bora nisuke.”

Mimi siku zote huwaambia watu mwanangu ni mwalimu. Kumbe ni mchoraji.

Shangazi yako


Nukuʻalofa
4 Julai 1994

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi. Sina la kujitetea. Naomba mnisalimie baba, na mwambieni mimi ni mzima.

Kesho yake niliwapa darasa zima swali moja tu: mtoto mwenye homa, uzito wake huu, chupa ya dawa hii, mpimie. Zaidi ya nusu wangemuua. Wasichana wanaonisifu kila siku, Shangazi.

Basi nimebadilisha. Mihadhara ya mwaka jana naiacha ilivyo, sichori upya. Kila somo nalifupisha kurasa nne za lugha nyepesi, nawapa Alhamisi wasome. Jumatatu kila mmoja ananiletea swali moja kwenye kikaratasi, bila jina. Mimi naandaa yale tu waliyokwama. Kazi iliyokuwa inakula wiki sasa inakula asubuhi moja, na alasiri zote ni zao.

Wiki ya kwanza hakuna aliyesoma. Nilisimama mbele yao kama nguzo, nao wakanitazama kama nguzo. Wiki ya pili vikaratasi vikaja. Kimoja kimeandikwa: “Mwalimu, ile nukta kazi yake ni nini hasa?” Na mimi nilishafika sindano za mishipa!

Mkuu wa chuo, Dakta Fonua, hajapenda. Alinikuta nimekaa benchi moja na wanafunzi. “Unalipwa kuhutubia, Vaimoana, si kupiga soga.” Amenipa muda mpaka muhula uishe.

Tafadhali mwambie Kalolaine arudi. Jumapili nalala.

Mwanao,
Vai


Felemea, ʻUiha
18 Julai 1994

Mwanangu,

Tu wazima. Nimemwambia. Hataki. Anasema barua umeniandikia mimi, yeye hukumwandikia, na ni kweli. Mimi ni shangazi yako, si posta.

Meli zipo. Njoo.

Sisilia


Felemea, ʻUiha
29 Agosti 1994

Mwanangu Vai,

Umefika salama? Bahari ilichafuka ulipoondoka, baba yako hakula mpaka aliposikia redioni kuwa meli imetia nanga.

Wewe na Kalolaine mlipokuwa mmekaa kwenye mkeka siku mbili, mnapanga vipande vya majani ya mkadi ya kusukia kumi kumi ili aione ile nukta, wanawake walidhani umekuja kujifunza kusuka. “Hovyo kabisa,” walisema, “huyo hata upindo hajui.” Nilicheka mpaka machozi. Lakini nilikusikia ulipomwambia, “Nilikufukuza mlangoni bila kujua. Nisamehe.” Mwalimu kumwambia mwanafunzi hivyo, sijawahi kusikia hapa kwetu.

Uliondoka bila yeye, na uso wako niliuona. Sasa sikia: jana alifunga matandiko. Nikamuuliza, “Unakwenda wapi?” Akasema, “Nimwulize Mwalimu kitu.”

Yuko kwenye meli ile ile inayokuletea barua hii.

Shangazi yako anayekupenda,
Sisilia


Nukuʻalofa
12 Desemba 1994

Shikamoo Shangazi mpenzi,

Natumaini mko salama na maandalizi ya Krismasi. Ninayo mengi.

Siku Dakta Fonua alipokuja kunikagua, alikaa nyuma, mkeka wake wa heshima ameufunga vizuri kiunoni, uso wa mazishini. Katikati ya maelezo yangu Kalolaine akasimama. “Mwalimu, sijaelewa.” Kumwambia mwalimu hivyo mbele ya mkuu! Kisha mwenzake Manusiu akasema, “Hata mimi.” Na mwingine. Na mwingine. Nikafuta ubao, tukaanza upya, muda ukaisha sijafika nusu.

“Hukumaliza,” Dakta Fonua akaniambia.

“Sikumaliza, Bwana.”

Akaniambia tusubiri mitihani.

Matokeo yametoka leo. Hesabu za dawa wamefaulu wote isipokuwa wawili. Kalolaine amefaulu, ila viungo vya mwili ameanguka, atarudia Februari. Amelia kidogo, akala, akaomba kurasa nne za kwanza za somo hilo. Dakta Fonua hajanisifu. Amepita tu mlangoni akasema, “Mwakani endelea.”

Ijumaa nilikwenda wodi ya watoto anakofanyia mazoezi. Muuguzi mkuu akanishika mkono, akanivuta pembeni.

“Yule mwanafunzi wako kutoka ʻUiha,” akasema, “hampi mtoto hata tone moja kabla hajaniuliza. Ananichosha!”

“Ndiyo,” nikamwambia, “ndivyo alivyo.”

Mwanao,
Vai