Ukumbi wa Mawe Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Umeme umekuja saa nne asubuhi. Televisheni mbili za wateja zimepona, ya tatu imekufa kabisa. Mwenyewe hataki kuamini, ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyeiua.

Mchana mteja kaleta mashine ya michezo kutoka Ubelgiji, ya zamani, ya kaseti. Kwake picha ilikataa. Nimeifunga kwenye televisheni yangu ya Kibelgiji, ikakubali mara moja. Nawaambia kila siku: mashine ina kwao. Ya Ulaya hutoa picha hamsini kwa sekunde, ya Japani sitini, na rangi kila nchi huziandika kwa mwandiko wake. Televisheni isiyojua mwandiko huo inakupa kijivu tu. Ndiyo maana karakana yangu hapa Mangobo, Kisangani, ina televisheni zangu tatu: ya Kifaransa ya marehemu Papa, ya Kibelgiji, na ya Kichina ambayo inasoma zote. Watu hudhani siwezi kutupa vitu. Kweli pia.

Jioni Mama kapiga simu. Tonton Gaspard, mdogo wake Papa, ameamua: matanga ya kaka yangu Anselme ni Jumamosi ya tarehe 15. Miaka ishirini na moja tangu boti ya abiria izame mtoni, chini kidogo ya Yanonge. Wengine waliokotwa, wazima na wafu. Yeye hapana. Mama alikataa matanga miaka yote hiyo. Sasa kakubali, na mimi nimekubali. Nimechoka kuwa na kaka ambaye si maiti wala si mtu.

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda soko kuu kutafuta transfoma. Juu ya turubai la mwuza vyuma, chini ya lundo la rimoti, ilikuwapo mashine yetu ya michezo ya utotoni.

Siandiki "inayofanana na yetu". Yetu. Kona moja imeyeyuka pale Mama alipoiwekea pasi ya moto. Ni mashine ya Kijapani, Tonton aliinunua bandarini Matadi kwa baharia nikiwa na miaka kumi na tatu, Anselme kumi na mitano. Ikawa ndiyo maisha yetu. Papa alipoanza kutetemeka mikono, alinipa mimi karakana, si Anselme. Anselme alitia mashine ndani ya gunia akaenda bandarini. Nilimwona kwa macho yangu akipanda nayo ile boti.

Mwuzaji aliniona nimeduwaa. "Mama, iyo haiko nawaka. Beba tu na kaseti yake."

Nimerudi kwa miguu. Wenye baiskeli za toleka, za kubeba abiria, waliniita njia nzima. Sikutaka kukaa nyuma ya mtu yeyote nikiwa na kitu kile mapajani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeifungua. Swichi ya ndani imelehemiwa vibaya, bonge la risasi kama mavi ya kuku. Ni kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ilikuwa ya kwanza maishani mwangu. Anselme alinicheka wiki nzima.

Halafu nikatafuta kutu. Nimetengeneza redio nyingi zilizoanguka mtoni, najua maji ya mto wetu: huacha tope jembamba jekundu chini ya kila skrubu, hata ukiosha mara kumi. Nimechunguza kwa lenzi na kwa kucha.

Hakuna tope. Hakuna kutu. Mashine hii haijawahi kuingia majini.

Ijumaa, 7 Juni

Umeme saa saba mchana. Nimefunga madirisha kwa sababu mwanga unaua picha. Jua kali nje, ndani giza, majirani wanatwanga. Niliogopa mchana kweupe, jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu.

Mashine haikuwa na ugonjwa: waya wa picha tu haukuwapo, nimetumia wa kwangu. Televisheni nimechagua ya Kifaransa, ileile tuliyochezea. Picha ilipanda, ikapanda, haikutulia, kama zamani: miguu ya mtu juu, kichwa chake chini, ukanda mweusi katikati. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe nyuma ya televisheni kwenye kitasa cha kutuliza. Ikasimama. Kijivu, kama zamani.

Kibetri cha ndani ya kaseti, kinachotunza michezo iliyohifadhiwa, bado kinaishi. Sijui kwa nini. Nafasi ya kwanza ya kuhifadhi mchezo ni ya Anselme, ya pili yangu. Ya tatu daima ilikuwa tupu. Leo si tupu. Hiyo sikuifungua.

Nilifungua ya Anselme. Mtu wake wa mchezoni amesimama kwenye chumba nisichokijua, ametazama ukuta. Anselme hakuwahi kuhifadhi mchezo bila kumgeuza mtu wake ukutani. Alisema usipomgeuza atatuangalia tukilala.

Ilikuwa kama kukalia kiti na kukuta bado kina joto la mtu. Umeme ukakatika wenyewe, nikashukuru.

Jumamosi, 8 Juni

Lazima niandike polepole ili nisijidanganye.

Katika mchezo ule kuna ukumbi wenye mawe tisa sakafuni na dirisha la kioo juu. Ni lazima kukanyaga mawe yote kwa mpangilio fulani. Ukikosea, sakafu inafunguka. Tulikwama pale. Tulijaribu msimu mzima wa mvua. Anselme alijaza daftari zima la namba, lakini mpangilio uliotufikisha hata mawe manne leo, kesho ulituangusha. Mwishoni tuliamini mchezo unataka sala. Anselme alipiga ishara ya msalaba kabla ya kila jiwe, mimi nikamsomea Salamu Maria. Tulianguka vilevile. Siku aliyoondoka, wote wawili tulikuwa bado mlangoni pa ukumbi ule.

Leo nimefunga mashine kwenye televisheni ya Kichina. Nimefungua nafasi yangu, ya pili. Mtu wangu yuko palepale mlangoni, miaka yote hii ananingojea. Nikaingia.

Mawe yana rangi. Jekundu, la njano, la zambarau, kila moja na yake. Dirisha la juu linaonyesha rangi hizohizo kwa mstari, na mstari hubadilika kila unapoingia. Ndiyo siri yote. Mtoto mdogo angepita. Nimepita kwa dakika moja, sikusali.

Sasa hesabu. Mtu wa Anselme yuko mbali, ameshaupita ukumbi. Kwa kijivu haiwezekani kupita, tulithibitisha sisi wenyewe. Kwa hiyo baada ya kupanda boti ile, siku moja, mahali fulani, kaka yangu alikaa mbele ya televisheni inayosoma rangi za Kijapani, akaona nilichoona leo.

Na akaendelea kucheza.

Namwogopa kaka yangu kuliko nilivyowahi kuogopa maiti. Maiti hawachagui kukaa kimya.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Padri kamwombea Anselme pumziko la milele. Mama kaitikia. Mimi mdomo umekataa.

Jumatatu, 10 Juni

Wateja wawili, nimewafukuza kwa uongo kwamba umeme hakuna, na feni ilikuwa inazunguka mbele yao.

Nimefungua nafasi ya tatu. Mchezaji mbaya sana. Hana ngao, hana taa, dawa zote amezimaliza kwenye kijiji cha kwanza ambako hakuna adui. Hivyo ndivyo hucheza mtu anayejifunza. Amefika mlangoni pa ukumbi wa mawe tisa, akahifadhi hapo.

Mtu wake ametazama ukuta.

Nimetoka nje nikasimama juani.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi kwa mwuzaji. Mashine aliinunua Barumbu, mji ulio chini zaidi mtoni, pamoja na godoro na redio, kwa mama mmoja aliyekuwa anahamia kwa wazazi wake palepale.

"Ilikuwa ya bwana yake. Alikufa mwezi ya tatu. Watu ya Barumbu walikuwa namuita Papa Couleur, ni kusema Papa Rangi, sababu télé yake ilikuwa naonyesha rangi ya kila kaseti. Alikuwa natengeneza ma télé."

Nikauliza kwa nini haikuwa na waya.

"Kulikuwa mutoto yao, mwanamuke, ya miaka saba hivi. Alishika câble, akakatala kuachia. Bon, nikamuachia."

Basi. Alikufa Machi, mwaka huu, kitandani au popote, si majini. Alikuwa fundi wa televisheni. Mimi Kisangani, yeye Barumbu, mto mmoja, kazi moja, miaka ishirini na moja. Boti zinateremka kila wiki. Hata salamu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekasirika. Nimevunja kikombe kwa makusudi. Haikusaidia.

Nikimwambia Mama, atajua kwamba mtoto wake alikuwa hai akamkimbia. Nisipomwambia, Jumamosi atamlilia mtoto aliyezama akimpenda. Na yule mtoto wa waya je? Ni mjukuu wake. Mjukuu pekee, mimi sina mtoto. Nikimeza siri, nammeza na mtoto.



Ijumaa, 14 Juni

Tonton Gaspard amefika kutoka Yanonge na samaki wa kukausha kikapu kizima, na picha ya Anselme kwenye fremu mpya. Amepanga viti, amempangia Mama kitambaa cha kichwani, anaamrisha kila mtu. Kwa nini haraka hii? Kwa nini mwaka huu? Nilikuwa nakata vitunguu nilipojiuliza, nikaacha kisu.

Boti ile ilisimama Yanonge kabla ya kuzama. Nyumba ya Tonton iko Yanonge, hatua chache tu kutoka kwenye gati.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Sikumsalimu. Nilimwambia tu: "Papa Couleur."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alizeeka mbele yangu.

"Alishukaka kwangu, Philo, sababu ya homa. Boti ikaenda bila yeye. Asubuhi tunasikia imezama. Akaniambia, Tonton, sema tu maji ilinibeba. Philo abaki na atelier ya ma télé, Papa asinione tena. Nilifikiri ni hasira ya siku mbili."

Nikamuuliza siku mbili huwa ngapi kwake.

"Nilikula kiapo," alisema. "Sasa amekufa kweli, nimekuja kumulipia kilio yake."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nimemletea maji, kwa sababu alikuwa anatetemeka kama Papa.

Jumamosi, 15 Juni

Matanga. Watu wengi. Tonton amesimulia tena boti, dhoruba, giza. Anajua kusimulia. Picha kwenye kiti, Anselme wa miaka ishirini na nne anatuangalia sote, na mimi moyoni nasema: mgeuzeni ukutani.

Kisha nikalia. Nililia mpaka wakanishika mabega. Nilisikia shangazi mmoja akinong'ona, "Huyu analia kama mutu alikufa jana." Mama hakulia. Aliniangalia mimi tu, muda wote, kwa utulivu ambao sikuupenda.

Jumatatu, 17 Juni

Mvua ya asubuhi. Viti vimerudishwa. Tonton ameondoka alfajiri bila kuaga.

Nimefunga mashine kwenye sanduku, nimeizungushia vitambaa, na transfoma yake. Nafasi ya tatu sikuigusa. Televisheni ya Kichina nayo itasafiri, nimeizungushia godoro dogo. Funguo za karakana atanishikia jirani.

Nilipita kwa Mama kumwambia kwamba kesho nateremka na boti hadi Barumbu, nina mashine ya kumrudishia mtu. Nikaishia hapo. Nilikuwa nimeamua kutosema zaidi.

Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo, yote kwenye sinia. Hakuinua kichwa. Alichambua matawi mawili, matatu.

Kisha akauliza: "Iko na miaka ngapi?"

Mtoto sikuwa nimemtaja. Si leo, si siku yoyote. Nilimjibu kwamba wanasema saba. Sikumuuliza amejuaje, wala tangu lini.

Alisema nipitie jioni, ana nguo ndogo za kunipa. Nikakaa chini, nikamsaidia kuchambua.