Besi ya Dirishani

Jumapili, 6 Julai

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi. Sikugombea. Baada ya misa kulikuwa na mkutano, nikatoka kidogo kufuata chupa ya chai jikoni kwa Padri, kurudi nakuta watu wananipigia makofi. Nikadhani wanaipigia chai.

Mwenyekiti akaeleza. Huyu ndiye tunayemwita Kwa Kifupi, kwa sababu akishasema "kwa kifupi" unaweza kwenda kuanika nguo ukarudi, bado yupo kwenye utangulizi. Maneno yake ni haya: kanisa limekuwa dogo, kila Jumapili watu wanasimama nje, ni aibu kwa parokia. Basi tupanue upande wa kulia. Ukuta ubomolewe, ujengwe ubavu mpya, paa libadilishwe, na rangi juu yake. Makofi tena.

Mimi leo nilikaa benchi la mbele. Tulikuwa wawili, mimi na mkoba wangu. Lakini mjumbe wa dakika tano haanzi na ubishi.

Njiani ndipo nikazinduka. Upande wa kulia! Ndio upande wa kwaya. Upande wa dirisha la mzee wangu!

Jumatatu, 7 Julai

Nimeshona siku nzima huku nacheka peke yangu. Mteja mmoja kaniuliza kama niko salama. Acha niliandike, litoke kichwani.

Mzee wangu, yaani mume wangu, aliendesha malori mpaka alipostaafu, na sauti yake ni ya kazi hiyo hiyo. Kwenye kwaya alikuwa besi. Mwalimu wa kwaya ni kaka yangu mwenyewe, baba mmoja mama mmoja. Siku moja mazoezini kaka akasimamisha wimbo, akatega sikio, akasema: jamani, mbona kuna lori linapanda mlima humu ndani? Kwaya nzima hoi kwa kicheko. Mzee wangu akachukua kiti chake — kweli kilikuwa chake, tulikipeleka kutoka nyumbani — akatoka nacho.

Jumapili iliyofuata akaja akasimama nje, chini ya dirisha la kwaya. Wimbo ulipoanza, naye akaanza. Tangu siku hiyo hajakanyaga ndani, na hajakosa Jumapili hata moja. Komunyo anapokea mlangoni pamoja na wa nje wenzake, halafu huyo, anarudi dirishani kwake.

Na kaka? Radhi hajaomba. Lakini dirisha lile halifungwi. Mvua inyeshe, akina mama wa sauti ya pili walowe mabega, walalamike, yeye anawaambia mwimbaji ni hewa. Hewa!

Mashemeji hawa hawasalimiani hata njiani. Ila kila wiki wanaimba pamoja.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia leo, wakati wa chai.

— Wanataka kubomoa ukuta wa dirisha lako.

— Dirisha si langu. La kanisa.

— Sasa utasimama wapi?

Akapuliza chai. Chai yenyewe ilishapoa.

— Nitabaki nyumbani. Hata redioni kuna misa.

Redio gani? Ile aliyoifungua kuitengeneza, zikabaki skrubu tatu bila makao?

Nimejitia kucheka lakini moyo umenishuka. Tangu aache kazi, Jumapili ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu bila kukumbushwa. Siku nyingine anazunguka uani akitafuta kitu kibovu, akikosa anafungua kizima. Wiki iliyopita nimemkuta na bisibisi mbele ya cherehani yangu, "anaiangalia tu." Huyu akiacha kuimba atazeeka mbele ya macho yangu, kisha atanizeesha na mimi.

Dirisha hilo lazima nilifikirie. Mjumbe nimeshakuwa.

Alhamisi, 10 Julai

Kikao cha kwanza, chumba cha katekesi. Viti vya watoto. Kwa Kifupi kakaa magoti yakiwa usawa wa masikio, ameongea vile vile.

Mchora ramani ni binti mchangamfu, kaja na helmeti ingawa hakuna kitakachoanguka mwaka huu. Ramani kaitandaza mezani tukaishikilia kwa vikombe. Niliogopa sitaelewa kitu. Kumbe ni kama patani ya kukatia gauni: hapa kifua, huku mkono, pale panaongezwa upana. Nilipomwambia hivyo alifurahi, akasema sasa tutafute pasipobana.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa: hawa wanaosimama nje, kuna aliyewauliza kwa nini?

Padri akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Hapana." Basi! Neno moja! Padri akacheka mpaka kikombe kikateleza, kona ya ramani yenye sakristia ikajikunja.

Mara kaka akasimama. Kaka, ambaye kwenye vikao huwa anazungumzia funguo za chumba cha mazoezi tu.

— Mimi naomba dirisha la kwaya libaki.

Binti akamwambia asiwe na wasiwasi, ubavu mpya una madirisha mengi, makubwa.

— Libaki lile lile.

— Lakini mwalimu, ukuta wa nje utasogea. Lile litakuwa katikati ya kanisa. Litatoka ndani kwenda ndani.

— Ndiyo hewa yenyewe.

Watu wakatazamana. Mimi nikatazama ndani ya kikombe changu. Aliyeujua ukweli wa hewa hiyo mezani pale alikuwa kila mtu isipokuwa binti, na hakuna aliyemwambia.

Tumekubaliana hivi. Padri atawauliza wa nje. Binti atachora ubavu mpya chini uwanjani kwa chokaa, ukubwa wake halisi, kisha Jumapili moja tusali tukiwa humo tuone unakaaje. Baada ya hapo, Jumanne inayofuata, kura.

Ijumaa, 11 Julai

Kaka kapita dukani kwangu. Anataka majoho mapya ya kwaya, kwa ajili ya kanisa jipya. Vipimo vya wote ninavyo. Kaondoka, kafika barabarani, karudi.

— Dada, ongeza na moja.

— La nani?

— La akiba.

— Huyo Akiba ana kiuno gani?

Akanionyesha kwa mikono. Nikamwambia huyo ni mtu au pipa?

— Mabega mapana, akasema. Na kola usiibane. Hapendi... watu wa akiba hawapendi kubanwa shingo.

— Kaka, huyu Akiba mbona kama namjua? Mbona kama namfulia mashati?

— Shona tu, bwana!

Kaondoka kasahau kofia. Kofia nimeitundika kwenye msumari. Nimeimba mpaka jioni.

Jumapili, 13 Julai

Padri katoka baada ya baraka, bado na mavazi ya misa, kawafuata wa nje. Mimi mjumbe nikamfuata nyuma na sikio langu.

Wa kwanza alisema viatu vyake vinalia. Akipita katikati ya kanisa kila mtu anageuka. Wa pili alisema yeye huchelewa, na anayechelewa anajua mahali pake. Padri akamwambia, basi wahi. Akajibu, Padri, nikiwahi nitasimama na nani? Mama mmoja ana mtoto mwenye mapafu ya mnadi. Vijana wawili walisema ndani kuna shangazi yao. Hawakufafanua. Padri naye hakudai ufafanuzi, shangazi anamfahamu.

Hakuna hata mmoja aliyesema amekosa nafasi.

— Sasa tukijenga mpaka hapa mtakaa?

Wakatazamana. Mwenye viatu akasema kwa heshima zote: tukijengewa mpaka hapa, Padri, sisi tutasogea pale.

Mzee wangu alikuwa bado dirishani, anajifanya anakagua bawaba. Padri akamkaribia: na wewe, mzee?

— Mimi sisimami nje, Padri. Mimi nasimama dirishani.

Padri akampa mkono, akaenda zake. Ni kijana lakini anasoma watu.

Jumanne, 15 Julai

Majoho sita tayari. La Akiba nimelianza, limekula kitambaa cha wawili.

Mzee wangu kapita, kauliza hilo hema la nani. Nikamwambia la akiba. Kaligusa kola kwa kidole, kasema angalau huyu hatanyongwa.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya chokaa. Jua zuri, watu wengi, kila mtu fundi. Kwa Kifupi katuhutubia kuhusu kamba kabla ya kufungua kamba.

Binti kapigilia vigingi, sisi tunavuta kamba, chokaa inafuata nyuma kwenye ndoo iliyotobolewa tundu. Nimeipenda kazi hii! Mstari unakwenda, majani huku na majani kule, na ghafla unaona chumba pasipokuwa na chumba. Watoto walianza kupita kwenye "mlango" hata kabla haujakauka. Kuta wanaziheshimu, wanazunguka.

Tulipofika chini ya dirisha la kwaya, binti akasimama. Ramani inasema kwaya itakaa hapa, ubavuni, kuelekea altare. Sauti ya kwanza pale, ya pili na ya tatu nyuma yake, na besi hapa. Akatazama chini. Pana sehemu mbili hazina majani, zimekandamizwa, zinang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Ukubwa wa viatu.

— Hapa pana nini, mama?

— Hapo pana mtu.

Akatazama zile alama, akatazama dirisha, akaniangalia mimi. Kisha akamgeukia kaka, aliyekuwa amegeuka upande wa pili na kuonekana anahesabu mawingu. Binti akatabasamu. Naye sasa yumo.

Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kamba. Naapa sikuisogeza. Haikuhitajika. Mstari wa nafasi ya kwaya umepita katikati ya unyayo na unyayo.

Nyumbani mzee wangu kauliza imekuwaje, nimemwambia nyeupe.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi. Kanyoa. Kaniuliza kama kuna mahali pa kusimama leo au kumejaa ramani. Nikamwambia aje aone, na akiona hapafai arudi, simshiki. Mdomo unasema hivyo, mikono inatafuta kiatu ambacho kiko mguuni tayari.

Mchana. Niandike upesi kabla hawa wawili hawajanichanganya.

Padri alibaki altareni kama kawaida, nusu yetu tukatolewa uwanjani, ndani ya chokaa, na mabenchi yetu. Madirisha yote wazi, spika mlangoni. Wa nje walipoona tumewafuata walirudi nyuma wakiwa kundi zima, mpaka ng'ambo ya mstari wa ukuta mpya, karibu na ua. Kama walivyoahidi! Mwenye viatu hata alitupungia mkono.

Kwaya ikatoka, majoho mapya, nikajisikia mwenyewe. Wakajipanga. Kwenye besi kuna wale vijana wawili wembamba, ukiwaunganisha unapata robo ya besi. Pembeni yao pengo. Kaka hakulijaza.

Mzee wangu akaja. Alikuja moja kwa moja kama lori linalorudi karakana, kichwa chini, akafika dirishani kwake, akasimama. Ndipo akaona. Kushoto kwake kwaya. Chini yake chokaa. Alitazama mstari, akatazama viatu, akatazama geti.

Mimi nilikuwa nimefungua kitabu cha nyimbo juu chini.

Wa nje wakamwita kwa mkono, njoo huku, mzee. Wote walikuwa wamehama, yeye peke yake yupo pale pale. Hakwenda. Kumbe hakuwa akisema uongo kwa Padri. Si nje anakopenda. Ni pale.

Kaka akanyanyua mikono. Macho juu, kwenye paa. Akasema, kwa ndege labda:

— Besi, noti mmeipata?

Vijana wakasema ndiyo. Kaka hakushusha mikono. Akangoja. Kanisa zima likangoja, Padri akachungulia dirishani.

Mzee wangu akavumisha noti. Ile ya chini kabisa. Benchi langu likatetemeka.

Na wakaimba. Sina la kuongeza hapo. Kaka akafuta jasho usoni mara mbili, na jua lilikuwa limejificha.

Baada ya misa kila mtu kivyake. Hakuna salamu. Njiani mzee wangu akaniambia nisianze. Sikuanza. "Mimi nimesimama ninaposimama siku zote," akasema. "Wao ndio wamehama." Nikatazama viatu vyake. Kimoja cheupe cha chokaa, kimoja safi.

Alasiri. Hodi! Ni kaka. Kisingizio chake ni kofia. Nikamwambia kofia iko dukani, wewe unajua. Basi ni kuhusu kura ya Jumanne, anataka maoni ya mjumbe. Karibu ndani. Hapana, hapa hapa panatosha. Akaenda kusimama nje ya dirisha la sebule!

Mzee wangu kwenye kiti chake, sauti ya kusikika mtaa wa pili:

— Mwambie nimelala.

Nikamimina vikombe vitatu. Hakuna aliyechukua.

Kaka akaanza kuongea na mimi, lakini anaangalia kisogo cha mwenzake. Paa la ubavu mpya, anasema, binti amelichora chini mno. Litameza sauti.

Kisogo kikajibu:

— Inategemea sauti ya nani.

Maneno ya kwanza! Nikakaa.

— Zipo zisizomezeka, akasema kaka.

— Kama za malori?

Kaka akavua kofia ambayo hakuvaa, mkono ukabaki kichwani.

— Lori ukilitoa kwenye msafara, shemeji, akasema, mzigo unabebwa na baiskeli. Umewaona wale watoto wawili.

Mzee wangu hajageuka. Lakini mabega yanacheza. Anacheka, na hataki aonekane.

Sasa hivi wanabishana urefu wa paa. Mzee wangu anasema mita moja zaidi, kaka anasema moja na nusu. Dirisha, hewa, hakuna anayevitaja. Mlango nimeufungua wazi na kuuwekea jiwe. Joho la Akiba, nililolileta nyumbani kumalizia, linaning'inia kwenye cherehani, mzee wangu ameligeuzia macho mara mbili.

Wifi, mke wa kaka, kapiga simu kuuliza. Mume wangu yuko huko? Yupo. Kaingia ndani?

Nimechungulia. Nimemwambia kiwiko kimeshaingia.