Damu Yangu Imemsemea Baba

Saluni, nyuma ya kituo cha mabasi,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa kaka yangu Mrefu,

Pokea salamu zetu tele. Hujambo? Wifi hajambo? Na Kidoti wangu, anaendeleaje na shule? Sisi tunapumua, na goti la Mama limepoa kidogo. Ila mimi, kaka, tangu Alhamisi akili haijarudi mahali pake. Nivumilie mwandiko.

Kwenye simu nilikutia hofu tu, nikaangua kilio, hukuelewa kitu. Ulichosikia ndicho hicho: wewe na Kidoti msiingie kwenye maji, hata bwawa la watoto. Sasa nikueleze taratibu.

Kuna hifadhi moja ya damu hapa mjini. Watu wake walipita mtaani kuomba wa kujitolea. Hawatafuti wagonjwa. Wanachukua damu kidogo kwa maelfu ya watu, wanaigandisha, wanafuatilia afya zetu miaka na miaka, kisha watafiti wanalinganisha: nani kaugua, nani hakuugua, na damu zao zinatofautiana wapi. Shangazi alikataa katakata, eti damu yake haiwekwi kwenye friji kama samaki. Mimi nikatoa. Wakaniuliza, wakikuta jambo la hatari waniambie? Nikasema niambieni. Halafu nikasahau kabisa.

Alhamisi nimesuka kichwa cha mteja nusu, simu ikalia. Alikuwa daktari wa hifadhi, mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Dada, umekaa?"

"Nimesimama, niko kazini."

"Tafadhali kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele. Akasema nimerithi kasoro inayovuruga mapigo ya moyo. Mtu anakuwa mzima wa afya, kisha moyo unapotea njia ghafla, hasa akiwa anaogelea. Akauliza kama kuna aliyekufa maji kwetu.

Kaka, nilimtaja Baba papo hapo. Baba! Mwalimu wa kuogelea, amefia kwenye maji ya kifuani, mchana kweupe! Na maneno tuliyoyameza: mara alikuwa amelewa, mara alijitakia kifo mwenyewe kwa sababu ya Mama. Baba Mkubwa hajakanyaga kwetu tangu mazishi.

Daktari hakuapa kwamba ndicho kilichomuua, maana damu ya Baba hawana. Lakini alisema kifo cha namna ile kinafanana sana na ugonjwa huu. Mteja wangu aliondoka na nusu kichwa, maskini, wala hakulalamika.

Dawa zipo, nimeshaanza vidonge. Jina la ugonjwa nimekutumia kwenye simu. Mwonyesheni daktari wa moyo, mkapimwe. Usiniambie una kazi nyingi.

Jana nilimpigia Baba Mkubwa, naye apimwe. Nilimweleza yote aliyosema daktari. Kisha akasema, "Mpe mama yako." Mama alisikiliza muda mrefu, akajibu tu, "Haya, shemeji." Alinirudishia simu. Akaniambia, "Miaka yote hii nilijua baba yenu aliamua kuniacha."

Nisalimie wifi, mbusu Kidoti. Shangazi anakusalimu; kesho anakwenda kutoa damu. Mungu ailinde mioyo yenu, kila pigo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,
Msusi