Wimbo Nilioutoa Matangani

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana wiki nzima simu ikilia nashtuka. Mimi ni kijana wa Matsangoni, kazi yangu ni kupiga disko matangani na harusini, na pembeni naimba, na mwaka huu wimbo wangu umeteuliwa kuwania Wimbo Bora wa Mwaka katika tuzo za muziki zitakazofanyika Malindi, na hapo ndipo hofu ilipoanzia, kwa sababu kiitikio si changu. Mwaka jana mdogo wake mama yangu, tunamwita Mama Idah kwa jina la binti yake mkubwa, alifiwa na kitindamimba wake, nami nikaenda kufunga spika, na alasiri jeneza lilipoletwa akashika kipaza sauti akamwimbia mtoto, "Amka, uji unapoa," huku akimtaja jina, na mashine yangu ilikuwa ikirekodi, sikuizima. Baada ya miezi miwili nikaichukua sauti yake yenyewe, nikaiongezea kasi, nikatia ngoma, nikalikata jina la marehemu nikaweka "beibi", na watu wakaucheza kutoka Kilifi hadi Mambrui. Waliokuwa msibani hawakuutambua, ila Charo, ninayebeba naye spika, aliusikia mara moja tu akaujua.

Mama Idah hajausikia. Tangu msiba redio hafungui, sherehe haendi, lakini aliposikia nimeteuliwa alifurahi kuliko mama yangu mzazi, akaniombea kura hadi kwa wauza nazi wa Gede, na yeye na wenzake wa chama wamenunua leso sare za kuja nazo ukumbini. Nilipomwambia asisumbuke, kutakuwa na kelele, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, tangu nimzike mwenzako sijatoka nyumbani kwa furaha. Huo wimbo nitausikia siku hiyo hiyo, nikikuona umesimama." Mshauri, mama huyu ana presha, siku ya mazishi alianguka mara mbili, nami naogopa ataisikia sauti yake mwenyewe, huku ukumbi mzima ukiicheza. Nimefikiria kumwambia tiketi zimekwisha. Nifanyeje?

Mwenye Hofu, Matsangoni

Marahaba, mwanangu. Nakuonea huruma, lakini nitakusema kwanza. Usiniambie mashine ilikuwa ikirekodi, kana kwamba ilijiwasha yenyewe. Na jina la marehemu halikukatwa na mashine. Ulilikata wewe, kwa kuwa ulijua unachofanya.

Ukimdanganya kuhusu tiketi utakuwa umemwibia mara ya pili, na wala hutaokoka. Wimbo ukishinda utapigwa kila kibanda, na siku moja utamfikia akiwa sokoni peke yake, hana wa kumshika.

Unaogopa presha yake, na una haki. Basi asiusikie ukumbini. Nenda kwake kesho asubuhi akishakunywa dawa, Idah awe karibu. Usimtume mama yako akusemee, wala usiende na zawadi. Kaa chini, mweleze ulichofanya bila kujitetea, kisha muulize kama anataka kusikia. Akisema hataki wimbo huo upigwe tena, wapigie waandaaji siku hiyo hiyo ujitoe, hata kama picha yako iko kwenye mabango ya Malindi yote. Akikubali uendelee, jina lake liandikwe kuwa ndiye mwimbaji, na mkishinda apande jukwaani yeye kwanza. Akikufukuza, toka, halafu rudi keshokutwa. Hiyo hofu ni yako kuibeba, usimtwishe yeye Jumamosi mbele za watu.

Jambo la mwisho. Barua yako imemtaja Charo, imemtaja Idah, imewataja wauza nazi wa Gede na hata leso. Mtoto aliyekufa, ndugu yako, hukumtaja jina hata mara moja. Ukifika kwa mama yako mdogo, kabla hujaitoa simu mfukoni, anza na jina la huyo mtoto.