Nenosiri langu ukutani

Usinipigie, niko chooni kazini. Soma tu.

Leo nilikuwa naonyesha idara nzima mfumo mpya wa likizo. Kompyuta yangu iliunganishwa na projekta, kwa hiyo kila nilichofanya kilionekana ukutani.

Nikaandika nenosiri, likakataa. Nikarudia, likakataa. Nikikosea tena, akaunti inafungwa. Basi nikaandika tena polepole, kisha nikabonyeza ile alama ya jicho pembeni, nione nilichoandika.

Vidoti vikageuka herufi. Ukutani. Kubwa kuliko kichwa changu.

NaachaKaziJuni

Ndiyo, lile lile. Wewe ndiye uliyesema niweke kitu nisichoweza kusahau.

Hakuna aliyecheka. Mhasibu akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Bosi akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, "Naacha kazi Juni." Halafu akaniuliza, "Juni hii, dada, au ya mwakani?"

Nikasema ni nenosiri tu. Akasema, "Naona."

Na unajua kule kwingine nilikoomba kazi bado hawajanijibu. Sina barua yao, sina hata simu yao. Hata hivyo nilisimama pale kama nasubiri lifti.

Nikabonyeza kuingia, likakubali. Kivinjari nacho kikatoa kisanduku chake hapo hapo ukutani, kikiuliza kama kihifadhi nenosiri hili.

Watu wote wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama bosi.

Akasema, "Hifadhi, dada. Tusije tukasahau."

Nikahifadhi.