Mkono wa Kushika Kamba ya Ngollo

Jumanne, 9 Aprili 2024

Si ukoma! Naliandika hili kwanza, mengine baadaye.

Daktari wa Tabora mjini alinifumbisha macho, akawa ananidonoa vidole kwa pini na kuuliza nasikia wapi. Nilisikia kote. Hata kidole cha mwisho, ingawa kwa mbali. Mshipa wa fahamu ulibanwa kwenye kiwiko, amesema, na umeanza kuachia wenyewe. Miezi mitano nimekuwa nikimfikiria bibi mzaa baba, aliyezikwa hana vidole, na sikumwambia mtu. Hata Julieth, mke wangu mwenyewe! Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia bila haya. Mama mmoja akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Kisha dada wa mazoezi ya viungo akanipa kifaa cha kupima, akasema bana. Kushoto kilo arobaini na mbili. Kulia kumi na tisa. Kumi na tisa — mkono wa mrina asali! Akasema nguvu zitarudi mkono ukifanya kazi, ila taratibu. Nitafute gripa, ile ya springi ya kubana kwa kiganja.

Nitaitafuta kesho kabla ya treni ya kurudi Usinge.

Jumatano, 10 Aprili

Nimenunua gripa. Muuzaji anaitwa Modesti, mtu wa Ulyankulu, kifua kama mlango. Alizipanga mezani: mia, mia na hamsini, mia mbili, mpaka mia tatu. Ratili, si kilo. Za mia zina sponji kwenye mpini, za juu ni chuma kitupu chenye meno kama tupa.

Akaniuliza naitaka ya kazi gani. Nikamwambia nashika kamba ya mtu akiwa juu ya mti. Akasema nianze na ya mia, mzee, nikiifunga mara kumi bila kukunja uso ndipo nipande. Akanionyesha moja rangi ya bluu, ya watoto!

Nikakasirika. Nikamwambia babu yangu mzaa babu alibeba pembe, frasila mbili begani, kutoka hapa hapa Tabora mpaka pwani, kwa miguu. Frasila mbili ni ratili sabini. Mimi nipewe mia ya sponji? Modesti akacheka, akasema nyie Wanyamwezi, babu alibebea bega, wewe unabania vidole. Nikachukua ya mia mbili na hamsini. Nikaichagua kama mtu anayechagua jembe, kwa uzito na kung'aa.

Ndani ya treni nimejaribu kuifunga tangu Urambo. Haijasogea hata unene wa kucha.

Jumapili, 14 Aprili

Kiganja kimechubuka, kidole gumba kimevimba. Julieth amekasirika. Anasema nimeambiwa taratibu, nimesikia haraka.

Leo kanisani Ngollo alikaa benchi la mbele yetu. Ni kaka yake Julieth, na tumerina pamoja miaka kumi na minne. Yeye juu, mimi chini. Ncha moja ya kamba kiunoni kwake, inapita juu ya tawi, inashuka mikononi mwangu. Haifungwi kwenye shina. Marehemu baba yake ndivyo alivyotufundisha: aliye juu husogea, na aliye chini lazima amsikie kwa vidole, alegeze au akaze kabla hajaambiwa. Glavu hazitakiwi, zinateleza.

Novemba alikanyaga gome bovu. Nilimsikia, sikuweza kumshika. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo, kama si vyangu. Kamba ikapita. Alivunjika mfupa wa bega.

Ameshapona. Hajanisema popote, si kwa dada yake wala kwa mchungaji. Ila sasa kamba yake inashikwa na Raymundi, mrina mwenzetu. Baada ya ibada alinipa mkono wa kushoto, akaniuliza habari za mbuzi.

Mavuno ni Juni.

Jumanne, 23 Aprili

Nimerudi Tabora kumwona daktari, nikapita kwa Modesti na aibu yangu mfukoni. Hakunicheka sana. Nimenunua nyingine: ile ya bluu ya mia, na moja ya mia na hamsini ya kufuatia. Ile kubwa hakutaka kuipokea, imeshakwaruzika.

Amenieleza vizuri, nami safari hii nimesikiliza. Ya kwanza iwe ile ninayoifunga mara kumi mpini ukagusa mpini, hiyo ya kupasha mkono moto. Ya pili niifunge mara tatu au nne tu, hiyo ndiyo shule. Tena kamba haihitaji mtu wa kubana na kuachia, inahitaji wa kubana na kukaa. Kwa hiyo nifunge, niweke kitambaa katikati ya mipini, nihesabu. Kitambaa kikianguka, nimeshindwa. Halafu nipumzike siku nzima kabla ya kurudia! Hilo la kupumzika ndilo gumu.

Bluu: mara sita. Kwa hiyo si ya watoto.

Jumapili, 5 Mei

Bluu mara kumi na nne. Mia na hamsini mara mbili, ya pili kwa kuomba.

Nimefanya upuuzi. Wakati wa maombi marefu nilikuwa nayo mfukoni mwa koti nikaanza kubana. Springi ikalia. Kwii. Mchungaji akanyamaza. Nikadhani amemaliza, nikabana tena. Julieth amenifinya mpaka sasa panauma, na mkono wake hauna haja ya gripa.

Ngollo aligeuka akaona mfuko unavyocheza. Hakucheka, lakini aliinamisha kichwa haraka, na mabega yakatikisika.

Jumanne, 14 Mei

Kitambaa sekunde ishirini na tano. Jioni Julieth ananichua viganja kwa dawa ya kopo, ile inayonukia peremende mpaka machozi yanatoka. Nyumba nzima inanukia. Tumeongea. Nimemwambia kuhusu bibi na ukoma, na jinsi nilivyokuwa nalala naye nikihesabu vidole chini ya shuka. Aliendelea kuchua. Kisha akasema, baba Kabula, ulinichukulia kama nani mimi, jirani?

Nimepumua.

Jumamosi, 25 Mei

Sekunde hamsini na mbili kwenye mia na hamsini! Hospitali walipima tena Jumatatu: kulia kilo thelathini na sita. Dada wa mazoezi alipima mara mbili, hakuamini.

Raymundi amekwenda Usoke, soko la tumbaku limefunguliwa kwao. Harudi mpaka wiki ijayo, pengine zaidi. Mizinga ya Ngollo imejaa, nyuki wameanza kuning'inia nje mlangoni. Hakuniambia yeye. Ameniambia dada yake, akiwa anachambua maharage, bila kuniangalia.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekwenda kwa Ngollo. Sikupeleka maneno mengi. Nilisema tu, shemeji, Novemba vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi wiki tatu kabla, nilijua, na nilikuja hivyo hivyo.

Hilo hakulijua. Nilitaka kulibeba mpaka kaburini, lakini siwezi kumwomba mtu anikabidhi uhai wake huku nimemficha nusu ya habari.

Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikasema ukoma. Akasema, hata kwangu? Nikasema hata kwa dada yako.

Akaingia ndani akatoka na gunia la mchanga na kamba. Tukaliburuta mpaka juu ya tawi la mwarobaini wa nyuma ya nyumba yake. Yeye akapanda, mimi nikashika kamba chini. Akaliachia ghafla, kutoka juu, bila kunionya. Kamba ikanivuta hatua mbili, ikasimama. Akaliachia tena. Na tena! Mara sita. Sikuachia hata moja. Mkewe alikuja mlangoni akatuuliza tumerukwa na akili au vipi.

Ngollo akakunja kamba yake akasema Alhamisi saa kumi na moja jioni, mzinga wa mninga, ule wa chini. Mmoja tu.

Nimetembea kurudi nyumbani nikiimba. Watu wamenisikia, na waseme.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mbaya.

Ngollo alipanda vizuri. Nilimsikia kila hatua, kama zamani, vidole vyote vitano vipo kazini. Alifika tawini, akapuliza moshi, akafungua kifuniko. Nyuki wakatoka kidogo kidogo. Halafu wakashuka. Hawakwenda kwake, walikuja kwangu. Mikononi! Uso una wavu, mwili una ovaroli, mikono ndiyo mitupu. Wakanifunika kama glavu.

Ndipo harufu ikanifikia. Peremende. Asubuhi nilijichua viganja kwa mazoea tu, mimi, mwana wa mrina, ninayewakataza vijana wasioge kwa sabuni ya manukato siku ya kurina! Baba yangu angenichapa.

Nilipiga kelele ashuke. Akauliza kuna nini. Nikasema nyuki, nyuki mikononi. Akaanza kushuka, mguu ukakosa kikanyagio, uzito wote ukaja kwangu. Wote. Nilisikia miiba ikiingia mmoja mmoja katikati ya vidole. Sikuachia. Nililia kwa sauti na sikuachia. Nilimlegezea polepole, shubiri kwa shubiri, mpaka nilipoona viatu vyake kwenye majani.

Tulikimbia. Tulipofika barabarani alinikamata mkono akaunusa. Macho yakamtoka. Umepaka dawa ya kuchua, shemeji? Kwa nyuki? Unataka kuniua mara ngapi? Alisema hivyo na mengine, kwa Kinyamwezi, ambayo siyaandiki. Akaondoka peke yake.

Julieth amechomoa miiba thelathini na moja.

Ngollo ana haki ya kukasirika. Lakini nimshukuru Mungu: alishuka kwa miguu yake. Hata kama sitashika kamba tena, safari hii alishuka kwa miguu yake.

Jumamosi, 8 Juni

Uvimbe umepungua, mkono wa kulia unafunga mpaka mwisho. Unawasha tu.

Raymundi amerudi tangu jana, nimemwona sokoni. Basi. Ngollo ana mtu wake.

— Naandika haraka. Mbwa wamebweka, nimechungulia. Ngollo yuko uani kwangu, na Raymundi nyuma yake. Raymundi amebeba ndoo zote mbili na bomba la moshi, mikono imejaa. Kamba iko begani kwa Ngollo. Julieth amemwamkia kaka yake shikamoo, akaitika marahaba, hata hajakaa. Ameomba beseni la maji. Ameomba na sabuni ya mche, ile ya kufulia, isiyonukia kitu. Julieth anamuuliza ya nini.

Mwambie mumeo aje, anasema. Anawe mpaka kwenye viwiko, na mimi nisimame hapa namwangalia.